Nani Atakuja Kunichukua? Majeshi Rafiki na Mafunzo ya Pamoja ya Vita vya Msituni

Waheshimiwa wazee wetu mliolitumikia jeshi, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliobanana huko nyuma, nawasalimu kwa heshima.

Mmeniomba nizungumzie majeshi ya nchi rafiki yanavyofunzwa pamoja kupigana msituni. Mada hii ina picha zake, na nyingi mmeziona kwenye simu zenu: askari kamkaba nyoka shingoni, mwingine anakinga maji yanayochuruzika kutoka kwenye mmea uliokatwa, wa tatu kajipaka masizi usoni kiasi kwamba mama yake mzazi asingemtambua. Picha hizo ni za kweli. Ila mimi ni mwalimu wa historia, na baada ya kusoma habari za vita hivi kwa muda mrefu, nyoka hanishughulishi tena. Kinachonishughulisha ni swali ambalo askari hujiuliza akiwa chini, mguu umevunjika, giza linaingia. Nani atakuja kunichukua? Na kama anayekuja ni askari wa nchi nyingine, anajua nilipo? Atapita njia ipi? Akitokea kimyakimya nitajuaje kwamba ni mwenzangu, nisije nikamfyatulia risasi kwa woga?

Naamini mafunzo ya pamoja ya msituni yana thamani pale yanapolijibu swali hilo kabla ya watu kwenda vitani. Katika ukanda wetu, mara nyingi tumelijibu tukitoka makaburini. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na nitalifikia kwa kuzunguka kidogo.

Tuanze na msitu wenyewe, maana wengi wetu humu tumekulia nyikani au mjini. Msitu mnene humnyang'anya askari macho. Adui anaweza kuwa hatua kumi kutoka ulipo na usimwone. Bunduki ya kupiga mita 400 inageuka ya mita 20. Mizinga nayo inataabika, kwa sababu anayeielekeza haoni kombora limeangukia wapi, anabaki kukadiria kwa sikio. Helikopta inapita juu ya majani bila kumwona mtu, na ili itue lazima walioko chini wakate miti kwanza, jambo ambalo huwezi kulifanya kimya. Redio inakwama kwa unyevu, majani na milima. Ramani inakuonyesha kijani kitupu, kwa hiyo mnatembea kwa dira huku mmoja wenu akihesabu hatua, na akikosea hesabu mmepotea wote. Siku nzima ya kunyata na kufyeka inaweza kuishia kilomita chache tu.

Sasa mweke majeruhi katikati ya hayo yote. Machela inabebwa na watu wanne. Wanne hao hawafiki mbali kwenye tope na mteremko, hivyo wanahitaji wanne wengine wa kupokezana. Watu wanane hao mikono yao haina bunduki, ina maana wengine walinde mbele, wengine nyuma, wengine ubavuni. Majeruhi wawili wanatosha kuisimamisha platuni nzima. Adui anayeijua kazi yake analitumia hilo: anajeruhi wachache, kisha anaivizia njia watakayopita waokoaji. Wazee wetu waliofika huko wanatikisa vichwa, kwa hiyo nadhani sijakosea.

Kwa hesabu hiyo, kikosi kimoja hakijitoshelezi msituni. Kinamhitaji jirani, na katika operesheni za siku hizi jirani huyo mara nyingi ana bendera nyingine begani.

Twende nyuma miaka 80. Nikikaa hapa zaidi mtanivumilia.

Singapore ilisalimu amri kwa Wajapani Februari 1942, na Burma, ndiyo Myanmar ya leo, ikafuata mwaka huohuo. Waingereza walikuwa wamepigwa msituni na jeshi ambalo walilidharau. Wakatafuta watu wa kuwasaidia kurudi Burma, na wakaikumbuka Afrika, wakiamini kwamba Mwafrika ni mtu wa msituni kwa kuzaliwa. Upuuzi mtupu. Askari wa Keya, maana ndivyo babu zetu walivyoliita jeshi la mkoloni la King's African Rifles, wengi walitoka nchi za nyasi na jua kali. Wakongwe wao walikuwa wametoka kupigana Ethiopia mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942. Msitu wa mvua za masika ya Asia ulikuwa mgeni kwao kama ulivyokuwa mgeni kwa kijana wa Manchester.

Walichopewa, tofauti na wengi waliowatangulia, ni muda. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa Februari 1943, ikavuka bahari hadi Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, na huko ikafundishwa kwa muda wa karibu mwaka mmoja kabla ya kupelekwa vitani. Walijifunza doria za msituni, kuvizia na kunusurika kuviziwa, kulala bila moto, kuvuka mito. Itazameni brigedi ya 25 ya divisheni hiyo: batalioni ya 11 ilitoka Kenya, ya 26 Tanganyika, ya 34 Uganda. Ilikuwa zaidi ya miaka 50 kabla ya kusainiwa kwa mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa, na tayari Mkenya, Mtanganyika na Mganda walikuwa wanafundishwa kwenye msitu mmoja, chini ya amri moja, na Kiswahili ndiyo lugha iliyowaunganisha wao kwa wao, na maafisa wao Wazungu wakalazimika kujifunza. Katika brigedi nyingine walikuwamo watu wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia. Na kituo kimoja cha kupokea majeruhi kilitoka Kongo ya Wabelgiji. Muwakumbuke hao Wakongo wa machela na bandeji, maana nitarudi kwao.

Njia ya kwenda huko nayo ilikuwa na gharama. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama chini ya dakika mbili. Waliokufa ni zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wa rejimenti ya 301. Nimewahi kuuliza darasani kama kuna aliyewahi kuisikia meli hiyo, na darasa zima likanikodolea macho. Titanic wanaijua.

Vita vyenyewe viliwakuta kati ya Julai na Agosti 1944, mvua zikiwa zimepamba moto. Divisheni ya 11 ilitumwa kuwafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw, bonde ambalo tayari lilikuwa na sifa ya kuua watu kwa malaria kabla ya risasi. Kamanda mkuu wa Jeshi la 14 la Waingereza, Jenerali William Slim, alikuta kwamba mwaka 1943, kwa kila mtu mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa. Dawa ya kinga ya mepacrine ilikuwepo, lakini askari walikuwa wanaitema. Slim akaanzisha ukaguzi wa ghafla wa damu, na kikosi kisichofikisha asilimia 95 ya watu waliomeza dawa, kamanda wake anafukuzwa kazi. Alihitaji kufukuza watatu tu, waliobaki wakaelewa. Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha mafunzo ya msituni ni kazi ya kuchosha: kumsimamia mtu mzima ameze kidonge, kila siku, hata akiwa hajisikii mgonjwa.

Barabara za Kabaw zilikuwa tope. Chakula na risasi vilidondoshwa na ndege, na kwenye ndege hizo za mizigo walikuwepo Waingereza na Wamarekani. Mpigeni picha akilini mtu wa Tabora, njaa inamkata, anaitandika chini alama ya kitambaa ili rubani wa Ohio ajue pa kuangusha magunia. Wawili hao hawatakutana maisha yao. Alama ikitandikwa vibaya, mchele unawaangukia Wajapani. Hapo ndipo mafunzo ya pamoja yanapoonekana: alama moja, maana moja, kwa watu wasiojuana.

Tarehe 13 Novemba 1944 watu wetu wakakutana na Divisheni ya 5 ya India huko Kalemyo, wao wakitokea bondeni, Wahindi wakitokea milimani kwa njia ya Tiddim. Tarehe 2 Desemba wakaiteka Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Hapo wahandisi wakatandika daraja la vyuma la aina ya Bailey lenye urefu wa futi 1,154, karibu mita 350, refu kuliko yote ya aina hiyo duniani kwa wakati ule, na Jeshi la 14 likavuka.

Ila tusidanganyane kwamba ule ulikuwa urafiki wa majeshi. Mtu wa Keya hakuwa mshirika, alikuwa mtawaliwa. Katika Afrika Mashariki hakukuwa na Mwafrika hata mmoja mwenye cheo cha afisa kamili wakati wa vita vile, huku Seth Anthony wa Gold Coast, Ghana ya leo, akiwa amepewa uafisa mwaka 1942. Watu wetu walifundishwa kutii msituni. Kupanga walipanga wengine. Hata hivyo, elimu haina mwenyewe. Waruhiu Itote alipigana Burma akiwa koplo katika batalioni ya 36, batalioni ya Tanganyika, ingawa yeye ni wa Nyeri. Alirudi nyumbani, na miaka michache baadaye Waingereza walimfahamu kwa jina la Jenerali China, akiongoza wapiganaji wa Mau Mau msituni Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954. Walimfundisha kujificha, kisha wakamtafuta sana. Idi Amin naye alidai alipigana Burma. Alijiandikisha jeshini mwaka 1946, vita vimeshakwisha. Kila mtu anataka kuwa alikuwepo.

Baada ya hapo nitakimbia. Vita vya Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, vilipoanza mwaka 1948, Waingereza walifungua chuo cha vita vya msituni Kota Tinggi, Johor, na huko wakapita Waingereza, Wagurkha, Waaustralia na wengineo. Batalioni za Keya nazo zilipelekwa Malaya mwanzoni mwa miaka ya 1950. La kukumbuka kuhusu Malaya ni kwamba walimu bora wa kufuata nyayo walikuwa Waiban wa Sarawak, watu wa msitu wenyewe, waliowafundisha maafisa wa Kizungu kusoma jani lililopinduka. Marekani ilikuwa na chuo chake Fort Sherman, Panama, ikakifunga mwaka 1999 iliporudisha mfereji, na baadaye ikalazimika kuanza upya Hawaii. Brazil ilifungua kituo chake Manaus, katikati ya Amazon, mwaka 1964, na tangu hapo kimepokea wanafunzi wa majeshi mengi ya nje. Salamu yao pale ni neno moja, *Selva*, yaani msitu, na linatamkwa kwa sauti ya kumwamsha jirani. Hao Wabrazili ndio wanaotuleta nyumbani.

Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi ya kujibu mashambulizi ndani ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Brigedi hiyo, FIB, ilikuwa ya askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kamanda wa majeshi yote ya MONUSCO alikuwa Mbrazili, Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz. Novemba mwaka huohuo waasi wa M23 wakashindwa, wakakimbia. Tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini M23 walipigwa kwenye vilima vya Rutshuru, mahali ambapo helikopta inaona na mizinga inafika. Adui aliyefuata alikuwa wa aina nyingine kabisa.

ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, wamekaa kwenye misitu ya Beni, mashariki mwa Kongo, kwa miaka mingi. Wanazijua njia za wawindaji, vivuko vya mto Semuliki, na mashamba ya kakao yanayoingiana na msitu. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017 walikishambulia kituo cha Semuliki, kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango. Watanzania 15 waliuawa, 43 walijeruhiwa, mmoja hakuonekana. Katibu Mkuu António Guterres alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya Umoja wa Mataifa. Nadhani humu ndani wapo wanaojua majina, kwa hiyo sitaongeza maneno.

Umoja wa Mataifa ulimteua Mrusi, Dmitry Titov, aongoze uchunguzi. Majumuisho ya uchunguzi huo yalitolewa mwaka 2018, na ningependa kila mwanafunzi wa sayansi ya siasa ayasome. Ujasiri wa askari haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba ujumbe wote, pamoja na FIB, haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kukiongezea nguvu kituo kile wala wa kuwatoa waliokuwemo. Kulikuwa na kasoro za amri na uongozi. Zana za kusaidia, yaani ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi, zilipungua. Na kulikuwa na mapengo ya mafunzo.

Mnaona linavyojirudia? Askari wa Semuliki walipigana. Lililokosekana ni yule wa kuja kuwachukua.

Chini ya mwaka mmoja baadaye, Novemba 2018, Wamalawi na Watanzania waliingia msituni pamoja na jeshi la Kongo, FARDC, kuishambulia ngome ya ADF huko Kididiwe. Walinda amani saba waliuawa, Wamalawi sita na Mtanzania mmoja, na askari wa Kongo pia walipoteza maisha. Katika mapigano yale Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alijeruhiwa vibaya, akawa hawezi kusogea, risasi zinamfikia pale alipolala. Praiveti Chancy Chitete wa Malawi alimwona. Akamburuta hadi kwenye kinga, akaanza kumfunga jeraha, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipopigwa. Omary alipona. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunuku marehemu Chitete nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, iliyopewa jina la Msenegali aliyeokoa watu wengi Kigali mwaka 1994 kabla ya kuuawa.

Habari ya Chitete husimuliwa kama habari ya moyo, na ni sawa. Mimi naomba tuisikilize pia kwa sikio la mwalimu wa medani. Mmalawi alimtambua Mtanzania kuwa ni mwenzake katikati ya moshi. Alijua kinga iko wapi. Alikuwa na bandeji na alijua kuitumia kwa mwili wa mtu mwingine. Kila kimoja cha hivyo kinafundishika, na kila kimoja kikifundishwa kwa pamoja hupunguza idadi ya watu wanaolazimika kufa ili mwingine aokoke. Jeshi likitegemea kwamba wakati wote atatokea Chitete, limepanga mipango yake juu ya maiti za watu wema.

Mwaka 2019 ndipo walimu wa Kibrazili wa vita vya msituni walipofika Beni. Walianza kwa kuvipima vikosi, kisha wakafundisha: kutembea kwa dira usiku, doria, kuvizia na kutoka kwenye mtego, kufuata nyayo, huduma ya kwanza, kupiga shabaha karibu na kwa haraka. Baadaye wakawafundisha na Wakongo. Mwaka 2021 brigedi ilipangwa upya na vikosi vya kujibu haraka vikaongezwa, Kenya ikiwemo. Yote hayo ni mema. Ila hesabuni miaka pamoja nami: brigedi iliundwa 2013, walimu wa msitu wakaja 2019. Mkoloni, ambaye hatumkumbuki kwa huruma, aliwapa watu wa Keya karibu mwaka mzima Ceylon kabla ya Kabaw.

Najua jibu litakalokuja. Kwamba majeshi yetu yana vyuo vyake, na kila nchi huandaa watu wake kabla ya kuwapeleka. Ni kweli, na sina la kuvishtaki vyuo hivyo. Lakini Mtanzania akiiva kwao, Mmalawi akiiva kwao, na Mwafrika Kusini akiiva kwao, bado hawajapika chungu kimoja. Ishara ya mkono ya "simama" kwa mmoja inaweza kuwa "lala" kwa mwingine. Masafa ya redio ni tofauti, na saa ya kubadilisha neno la siri ni tofauti. Msituni Beni amri zilikuwa zinapita kwa Kiingereza, Kiswahili, Kifaransa na Kilingala, kisha Mbrazili anafika na Kireno chake. Mtu anayekimbia risasi hana nafasi ya mkalimani.

Hapo kwenye lugha tuna mali ambayo hatuitumii. Mwanakijiji wa Beni anaongea Kiswahili. Askari wengi wa Kongo waliokaa mashariki wanakielewa. Mtanzania na Mkenya ni lugha yao, na Uganda jeshi limekizoea tangu enzi za Keya. Tangu Novemba 2021 majeshi ya Uganda na Kongo yako pamoja kwenye misitu hiyohiyo katika operesheni waliyoipa jina la Kiswahili, Shujaa. Mmalawi na mtu wa Afrika Kusini wanaweza kufundishwa maneno 200 ya kazi kwa wiki chache: kushoto, kulia, majeruhi, mtego, usifyatue, ni mimi. Burma ilifanyika hivyo na Wazungu, na hakuna aliyekufa kwa kujifunza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wapangaji wa mazoezi hulipenda kidogo. Msitu una wenyewe. Wa Beni una wakulima wanaokwenda kuvuna kakao hawajui kama watarudi, na wao ndio wanaojua njia ipi imeanza kupitwa na watu wasiojulikana. Wa Mlima Kenya una wafugaji na wakulima kandokando yake, na jeshi la Uingereza limefanya mazoezi eneo lile la Laikipia na misitu ya jirani kwa miaka mingi. Mwaka 2021 moto uliozuka Lolldaiga wakati wa mazoezi hayo uliteketeza maelfu ya ekari, na wananchi wakaishia mahakamani kudai haki yao. Zoezi la kirafiki linaloacha majirani na majivu limejitafutia maadui bure, na siku ya vita hakuna atakayekuja kukunong'oneza kwamba jana usiku ng'ambo ya mto kulikuwa na nyayo.

Sasa niseme ninachotaka, kisha nikae.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mazoezi yake ya pamoja ya Ushirikiano Imara. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ina yake, na Tanzania na Kongo zimo katika jumuiya zote mbili. Nataka katika kila zoezi la namna hiyo kuwe na usiku mmoja, msituni kweli, si kwenye uwanja wa mpira, ambapo kikosi cha nchi moja kinaambiwa kina majeruhi wanne na redio yake imekufa. Kikosi cha nchi nyingine ndicho kiende kuwatoa. Bila helikopta mpaka alfajiri. Njia ya kwanza iwe imeviziwa. Waamuzi wa zoezi wahesabu mambo mawili tu: ilichukua saa ngapi, na ni wangapi wamepigwa na wenzao. Majibu yaandikwe na yafike kwa wakuu wa majeshi ya nchi zote mbili, hata kama yanaaibisha. Hasa kama yanaaibisha.

Wauguzi wa Kongo wawemo, kama walivyokuwemo Burma. Kabla ya kikosi chochote kupanda ndege kwenda Beni, au Cabo Delgado huko Msumbiji, au msitu mwingine wowote utakaofuata, kiwe kimefanya zoezi hilo na walewale watakaokuwa jirani zake huko, wakajuana kwa sauti na kwa kikohozi. Na walimu wasiwe wageni peke yao. Mbrazili aje, tunamshukuru, lakini pembeni yake akae sajenti aliyerudi kutoka Semuliki na mzee wa Beni anayejua vivuko, wote wawili wakilipwa kama walimu wanavyolipwa.

Gharama yake ni mafuta ya malori, chakula cha siku chache, na aibu ya maafisa wawili watatu. Bunge lolote linaloidhinisha kupeleka vijana nje lina haki ya kuuliza, kabla ya kupiga kura, kama usiku huo umeshafanyika na ulichukua saa ngapi.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.